Nyuklia Ije, Ila Iishie kwa Jirani

Nani aliwaambia watu wa Nyamiaga, hapa Ngara, kwamba mimi ni mtaalamu wa atomi? Nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita, nikatoka na D ambayo hata mwalimu wangu aliitazama mara mbili. Siku hizi nina steshenari karibu na hospitali. Kazi yangu ni kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, kulaminisha picha za marehemu na kuchapa barua za watu walioachishwa kazi, ambao wote bila kubagua wanamalizia na "wako mtiifu". Ikatokea tu nikamweleza mteja mmoja habari za protoni na nyutroni wakati tunasubiri mashine ipate moto. Tangu hapo naitwa Mtaalamu. Cheo hicho hakina posho.

Swali linalonichosha kuliko yote ni hili: "Mtaalamu, hao Wanyarwanda wakijenga mtambo wao wa nyuklia, ukalipuka, sisi huku itatufikia?" Analiuliza mtu aliyekuja kutoa kopi moja, na anataka jibu kabla hajapewa chenji. Jamani! Ukisimama Rusumo upande wetu, simu inapokea ujumbe wa kukukaribisha Rwanda na wala hujakanyaga daraja. Mtandao wa simu hausubiri kugongewa muhuri uhamiaji, sasa mionzi ndiyo itasubiri?

Lakini siwezi kuwaambia kuwa wanaota. Rwanda walianza kuzungumza na Rosatom ya Urusi mwaka 2018, wakakubaliana habari ya kituo cha sayansi ya nyuklia, na Septemba 2023 wakatia saini na kampuni ya Dual Fluid kwa ajili ya mtambo mdogo wa majaribio. Frank Habineza wa chama chao cha Kijani aliupinga mpango huo mapema. Nchi ndogo, watu wamebanana, jambo kama hilo utaliweka wapi? Uganda nao wamechagua Buyende, mwanzo walitaja megawati 2,000. Kenya nitawafikia, maana wana kisa kizuri. Kwetu Tanzania uraniamu ipo kule Mto Mkuju, Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kipande cha Selous kimegwe kwa ajili yake, na Julai 2025 Rais Samia akazindua kiwanda cha majaribio cha kuichakata. Mtambo wenyewe wa kuzalisha umeme hatuna, ila wakubwa wamekuwa wakiutaja, na hapa kwetu jambo likishatajwa redioni linahesabiwa kuwa limejengwa.

Nje ya duka langu kuna benchi. Niliweka la wateja, wakalirithi wasio wateja. Anakaa mzee mmoja mstaafu wa magereza, wanakaa bodaboda wawili watatu wanaosubiri abiria wa hospitali, anakaa fundi simu ambaye kibanda chake kina jua kali, na mama lishe anapumzika hapo baada ya kumaliza wateja wa mchana. Hawa ndio bunge langu la nishati. Nasema langu kwa sababu kelele zote zinaingia kwangu.

Mzee mstaafu ndiye kiongozi wa upinzani. Kwake nyuklia ni bomu, na bomu ni Hiroshima, mjadala umefungwa. Nikajaribu kumweleza kwamba uraniamu ya mtambo wa umeme inakolezwa kidogo tu, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, wakati ya bomu inataka kufika kama asilimia 90. Nikatafuta mfano wa nyumbani. Nikamwambia: mzee, ni kama rubisi na gongo; rubisi ukiimwaga motoni moto unazimika, gongo ukiimwaga utaunguza nyusi. Akanitazama kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. "Kwa hiyo unakiri kuwa vyote ni pombe."

Sijatumia mfano tena.

Na ubaya wa mzee huyu ni kwamba anajua mambo. Ndiye aliyewaambia vijana kuwa uraniamu nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, hapo Katanga, kwa majirani zetu Wakongo. Kweli kabisa. Ndiye pia aliyewaambia kuwa Wakongo walikuwa na mtambo wa nyuklia wa utafiti Kinshasa tangu mwisho wa miaka ya 1950, wa kwanza Afrika nzima, kabla sisi hatujapata hata uhuru. Kweli tena. Halafu akauliza swali ambalo D yangu ya fizikia haiwezi kulijibu: "Na hapo Shinkolobwe kwenyewe, kijijini, taa iliwaka?" Bodaboda wote wakageuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyesomba ile uraniamu.

Fundi simu yeye hana ugomvi na bomu, ana ugomvi na mionzi. Neno hilo likitajwa anabana magoti. Anaamini mnara wa simu uliopo juu ya kilima ndio uliomchelewesha mdogo wake kupata mtoto. Nikamwambia mionzi ya simu haina nguvu ya kupasua kitu ndani ya mwili kama ile ya eksirei au ya uraniamu, na kwamba ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo hata hiyo minara inaipima. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akachukua simu tatu za wateja zilizokuwa zinawaka, akazitia zote mfuko wa mbele wa suruali, akaenda kula.

Siwalaumu sana. Hata alama za hatari hazisaidii. Ile ya mionzi mnaijua: ya njano, katikati kiduara cheusi, na mapanga matatu meusi yametanuka pembeni. Imebandikwa kwenye milango ya vyumba vya eksirei dunia nzima. Mama mmoja alikuja kwangu kutoa kopi ya rufaa, jasho linamtoka, akaniambia amekaa mlangoni pale muda mrefu akisubiri wafungue, maana humo ndani wana feni.

Basi nikaona niwape upande mzuri. Nikawaeleza habari za Unguja. Mbung'o walikuwa wanamaliza ng'ombe kule. Wataalamu wakafuga mbung'o Tanga, wakawapiga madume mionzi, wakawapandisha ndege na kuwamwaga juu ya kisiwa kwa mamilioni, wiki baada ya wiki. Dume linapanda jike vizuri tu, lakini mayai hayatungi. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Nikadhani nimemaliza kazi, hasa kwa kuwa alikuwepo mzee wa Biharamulo ambaye mbung'o na malale anavijua kwa majina yote mawili.

Kimya. Bodaboda mmoja akauliza polepole: "Hayo madume, yalikuwa yanajijua?"

Nikasema hayajui, yanaendelea na shughuli kama kawaida.

"Lakini hayazalishi."

"Hayazalishi."

Kuanzia siku hiyo, ukitaka kuliondolea benchi langu wanaume, taja Unguja.

Nikajaribu ndizi. Nikawaambia ndizi wanazokula kila siku zina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni ya mionzi. Ndizi moja ya wastani ina atomi kama 15 zinazopasuka kila sekunde. Na mwili wa mtu mzima mwenyewe, hata asiyekula ndizi, una zaidi ya 4,000 kwa sekunde. Mama lishe, ambaye mpaka hapo alikuwa amejinyamazia, akanyanyuka. "Wewe Mtaalamu, kesho nikikuta watu wamekataa ndizi zangu, utazila zote wewe." Alikuwa hatanii, na kile kisufuria chake cha maharage nina deni nacho, kwa hiyo nikaifuta kauli.

Mnaona taabu yangu? Ukisema ni hatari, wewe mchochezi. Ukisema si hatari sana, umehongwa na Mrusi. Na watu hawa hawa wanaoogopa atomi ya Kigali wanapanda watatu kwenye pikipiki moja isiyo na taa, wanateremka mteremko wa Murgwanza usiku, dereva ameshika simu kwa bega. Wanapikia mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Wanachotea maji dumu lililokuja na dawa ya kupulizia pamba, wakisema wameshalisuuza. Lakini nyuklia, hapana, hiyo ni hatari.

Haya, tuje kwa wanaounga mkono. Bodaboda wote wanaitaka. Sababu zao ni uniti zishuke bei na vijana wapate ajira. Mmoja amesikia Afrika Kusini wanayo, kile kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, tangu 1984, na Cape Town bado ipo, watu wanaogelea. Nikampa hongera kwa hoja nzuri. Nikamuuliza, basi na ya kwetu ijengwe, je, iwekwe wapi?

Hapo ndipo nilipojifunza siasa ya nishati kuliko vitabu vyote. Hakusita. "Biharamulo. Wana pori."

Mzee wa Biharamulo akaruka kama aliyechomwa. "Pori gani? Pori limekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019! Huko simba ana haki kuliko wewe. Ipelekeni Kabanga, kwani si ndiko kwenye nikeli? Waliozoea vumbi wazidishiwe."

Wa Kabanga hakuwepo, kwa hiyo ikapitishwa Kabanga. Kesho yake wa Kabanga akaja, ikahamishiwa Rulenge. Kwa wiki nzima mtambo ule ulizunguka wilaya ya Ngara kama mgeni asiyetakiwa na shemeji yeyote, na wote waliokuwa wakiusukuma walikuwa wanauunga mkono kwa asilimia mia.

Na wasituambie ni ushamba wetu. Kenya, watu wasomi, walipanga wa kwao Uyombo, Kilifi, kule pwani penye wavuvi, mikoko na msitu wa Arabuko Sokoke jirani. Mwaka 2024 wananchi wakatoka barabarani kuukataa, polisi wakatumwa, watu wakaumia. Serikali ikageuza macho upande wa ziwa, Siaya, na huko viongozi wakasema uleteni hata leo. Mtambo ni uleule, uraniamu ni ileile, hatari ni ileile. Tofauti ni kwamba Uyombo waliusikia kama kitu kinachokuja kuwaondoa, Siaya wakausikia kama kitu ambacho kwa muda mrefu walikuwa wananyimwa. Mzee mstaafu alivyosikia hilo akasema ndiyo maana yeye haamini kura za maoni, bora aulizwe mtu amekula nini asubuhi.

Na sasa niseme langu, kwa sababu benchi ni langu na umeme unaokatika unakatikia kwangu. Mashine ya kopi haina adabu umeme ukikata. Karatasi inabaki nusu ndani nusu nje, na ule wino wa unga haujaiva bado, ukigusa tu unakuja na kidole. Una cheti cha mtu chenye jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, upande wa baba umebaki mweupe. Mteja anaamini umemfutia baba makusudi. Unafungua ubavu wa mashine, unaivuta karatasi taratibu, inachanika palepale kwenye rola, na kipande kinachobaki ndani ndicho kitakachokula asubuhi yako yote.

Na hii inatokea wapi? Ngara! Wilaya yenye maporomoko ya Rusumo! Tuna mtambo wa maji wa megawati 80 kwenye mto Kagera, tunaugawana sawa Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi kama megawati 26 na ushee. Umeme ule ukitoka pale unapanda waya mkubwa wa kilovolti 220, unakata vilima, unakwenda Nyakanazi, Biharamulo, kuingia gridi ya Taifa. Ukipita chini ya ule waya unausikia unavuma. Wazee wetu wameishi miaka mingi kwa kelele za majenereta ya dizeli, Ngara na Biharamulo, sasa tuko kwenye gridi, tunashukuru. Lakini anayekaa chini ya nguzo kubwa asidhani atachomeka pasi pale. Umeme mkubwa hauteremki kwa mtu mmojammoja. Unahitaji kituo cha kuupoza, transfoma, nguzo ndogo, fomu, na uvumilivu.

Nchi nzima tuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Machi 2024 tuliambiwa umeme umezidi mpaka baadhi ya mitambo ya maji imezimwa. Umezidi! Siku niliyosikia habari hiyo nilikuwa nimewasha mshumaa, naivuta karatasi ya mtu kwa kibano cha nyusi. Sasa huyu anayetaka kuniongezea nyuklia, aniambie kwanza ule uliozidi ulikwama kona gani. Wataalamu wenyewe wana kanuni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla unaondoka na wenzake wote. Nchi nzima sisi tuna megawati 4,000 na kitu. Hiyo mitambo mikubwa ya megawati 1,000, ukiweka mmoja hapo, siku ukipiga chafya gridi nzima inalala giza.

Nilipofika hapo bodaboda wakaanza kusinzia, na nilistahili. Aliyewaamsha ni mama lishe.

"Mimi swali langu moja," akasema. "Majivu yake yanamwagwa wapi?"

Nimesoma mabingwa wanaoandika kurasa mia kuhusu nyuklia, sijaona aliyeuliza vizuri hivyo. Mtu anayepika kwa mkaa kila siku anajua kuwa moto wowote unaacha kitu, na kuna mtu lazima akizoe. Nikamweleza kuwa majivu ya nyuklia si mengi kwa ujazo, lakini ukali wake unadumu maelfu kwa maelfu ya miaka. Ufini wamechimba shimo linaloitwa Onkalo, zaidi ya mita 400 chini kwenye mwamba, wayafukie humo yasiguswe kwa miaka laki moja.

"Laki moja," akasema mama lishe. "Na mkandarasi wa hilo shimo kwetu atakuwa nani? Yule wa mtaro wa hapa barabarani?"

Mtaro anaousema ulijengwa masika moja, masika iliyofuata haukuwepo. Sikumjibu. Mzee mstaafu akacheka mpaka akashika mbavu, akaongeza na la kwake, kuhusu Wafilipino. Kumbe anajua na hilo! Walijengewa mtambo wa nyuklia Bataan enzi za Marcos, zaidi ya dola bilioni mbili, ukakamilika miaka ya 1980. Marcos akaondolewa mwaka 1986, Chernobyl ikalipuka mwaka huohuo, mtambo haukuwashwa hata siku moja. Deni wamelilipa mpaka 2007. Taa hakuna, kulipa kupo. "Na wa Misri pale El Dabaa," akasema, "Mrusi amewakopesha dola bilioni 25. Sisi tukikopeshwa, nani atakuwepo kulipa? Mimi sitakuwepo." Akaonekana kufarijika sana na jambo hilo.

Bodaboda mmoja akasema hayo yote ni woga wa wazee, Bangladesh nao wanajenga, na Bangladesh si matajiri. Akaongeza kwamba ndugu yake mgonjwa wa saratani alipelekwa Bugando akapigwa mionzi, akapona, kwa hiyo mionzi si adui. Hapo hata fundi simu alikaa kimya, akazitoa simu mfukoni, akaziweka benchini.

Ningependa kuwaambia kwamba bunge lilifikia muafaka. Kilichotokea ni kwamba pembeni alikuwa amekaa bwana mmoja mtulivu, sijamsikia akichangia tangu asubuhi, ameshika bahasha ya khaki. Watu walipotawanyika akaingia ndani, akarudishia mlango.

"Mtaalamu, hiyo ramani ya mtambo, ikija Ngara, unadhani itapita upande gani?"

Nikamwambia hakuna ramani, hakuna mtambo, hakuna mpango wowote wa Ngara. Tumepiga domo tu.

"Ndiyo wakati wenyewe," akasema. "Mthamini akishafika kijijini, umeshachelewa. Mimi nina shemeji yangu Nyamongo, kule mgodini, mambo ya kutegesha anayajua. Watu kule walipanda miti usiku, wakajenga vibanda kwa siku mbili, fidia ikahesabiwa." Akafungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya mkono ya mauziano ya shamba. Alitaka niichape vizuri, nitoe kopi tatu, na tarehe niiandike ya mwaka juzi.

Nikamwambia tarehe siirudishi nyuma, hilo nalikataa, nina leseni ya biashara.

Akafikiri kidogo. "Basi weka ya leo. Ila pale kwenye miparachichi, andika imeshaanza kuzaa."